Hofu ya Ghafla na Wasiwasi wa Kila Siku: Mwongozo wa Kujituliza Hatua kwa Hatua

Mtu anayeshikwa na hofu ya ghafla kwa mara ya kwanza mara nyingi hufikishwa hospitali akiamini kwamba moyo wake unasimama. Mapigo yanakwenda mbio, kifua kinabana, jasho linamtoka, vidole na midomo inafa ganzi, na juu ya yote hayo ana uhakika kwamba anakufa au anarukwa na akili. Anapimwa, anaambiwa moyo ni mzima, anarudishwa nyumbani na vidonge vya kutuliza maumivu, na siku chache baadaye hali inamrudia akiwa kwenye foleni ya benki. Kuanzia hapo anaacha kwenda benki. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yake, na pia kwa ajili ya yule ambaye hajawahi kupatwa na shambulio kama hilo lakini anaamka na wasiwasi na kulala nao. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 301 walikuwa wakiishi na maradhi ya wasiwasi, na ndiyo maradhi ya akili yaliyoenea kuliko mengine yote.

Msimamo unaoongoza hatua zote zinazofuata ni huu: kwa mtu ambaye moyo na mapafu yake ni mazima, shambulio la hofu ni la kutisha lakini si la hatari, na kinachoharibu maisha yake hasa ni zile jitihada za kulikimbia.

Jiridhishe kwanza kwamba si ugonjwa mwingine

Hatua ya kwanza haihusu pumzi wala fikra. Aliyepatwa na hali hii kwa mara ya kwanza amwone daktari, kwa sababu yapo maradhi yanayojitokeza kwa sura hiyo hiyo: tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, upungufu wa damu, sukari iliyoshuka hasa kwa anayetumia insulini, pumu, na mapigo ya moyo yaliyopoteza mpangilio wake. Dawa nazo huchangia. Salbutamoli anayovuta mgonjwa wa pumu hutetemesha mikono na kuukimbiza moyo, na mefloquine, ambayo baadhi ya wasafiri hupewa kama kinga ya malaria, inajulikana kwa kuleta wasiwasi na ndoto mbaya. Mweleze daktari kila unachomeza, zikiwemo dawa za miti shamba.

Dalili nyingine hazisubiri miadi. Maumivu ya kifua yanayosambaa hadi mkononi, kwenye taya au mgongoni, maumivu yanayokuja unapopanda ngazi au kubeba mzigo na kupungua ukipumzika, kupoteza fahamu, midomo kugeuka rangi, au upande mmoja wa mwili kulegea, yote haya ni ya kukimbiziwa hospitali mara moja. Mjamzito, aliyejifungua hivi karibuni, mwenye kisukari au shinikizo la damu, na mtu wa makamo anayepatwa na hali hii kwa mara ya kwanza, wasijihukumie wenyewe kwamba ni hofu tu.

Jambo moja dogo huwapotosha wengi. Mtu hushikwa na hofu, hukimbilia duka la dawa, hupimwa papo hapo, na kuambiwa presha imepanda. Bila shaka imepanda, kwa kuwa mwili uko katika hali ya kukimbia. Kipimo cha kuaminika huchukuliwa baada ya kukaa kitako kwa utulivu angalau dakika 5, miguu ikiwa sakafuni na mkono umeegeshwa, tena kwa siku zaidi ya moja. Nimesikia watu wengi wakijiita wagonjwa wa presha kwa sababu ya kipimo kimoja kilichochukuliwa katikati ya hofu, na imani hiyo yenyewe huwazidishia wasiwasi.

Kinachotendeka mwilini

Ni vigumu kuvumilia kitu usichokielewa, kwa hiyo sehemu hii isirukwe. Ubongo unapohisi hatari, tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo humwaga adrenalini kwenye damu. Moyo huongeza kasi ili misuli ipate damu ya kutosha, pumzi huwa fupi na za haraka, tumbo husitisha kazi yake na ndipo kichefuchefu kinapotokea, ngozi hutoa jasho ili mwili usipate joto kupita kiasi. Mpango huu ungekufaa sana kama mbele yako kungekuwa na nyoka. Katika shambulio la hofu hakuna nyoka. Mwili umefanya kama mbwa wa ulinzi anayembwekea mpita njia kwa sauti ile ile anayombwekea mwizi.

Pumzi za haraka zina madhara yake ya pekee. Unapopumua kuliko mahitaji ya mwili unatoa kaboni dayoksaidi nyingi, kiwango chake katika damu hushuka, mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo hubana kidogo, na matokeo yake ni kizunguzungu, ganzi ya vidole na midomo, na ile hali ya ajabu ya kuyaona mazingira kama ndoto. Hapo mtu huhisi kwamba hewa haimtoshi, ilhali amekwisha kuivuta kupita kiasi.

Mwaka 1986 mwanasaikolojia wa Uingereza David M. Clark alieleza mzunguko unaokamilisha kazi hii: mtu huhisi badiliko dogo mwilini, hulitafsiri kuwa ni maafa, tafsiri hiyo huleta hofu, hofu huongeza mabadiliko ya mwili, na mabadiliko hayo huonekana kuwa ushahidi kwamba maafa yamefika. Moyo uliopiga haraka kwa sababu ya ngazi unakuwa "moyo unaopasuka". Ukiuelewa mzunguko huu, utajua pia kwamba hauwezi kuendelea bila kikomo. Kwa kawaida shambulio hufikia kilele chake ndani ya dakika 10 hivi, kisha hushuka, hata kama hujafanya lolote.

Wengi huogopa kuzirai. Kuzirai kwa kawaida hutokana na shinikizo la damu kushuka, na katika shambulio la hofu shinikizo hupanda, ndiyo maana ni nadra mtu kuanguka kweli. Wanaohofia damu au sindano ni kundi tofauti, kwa kuwa wao shinikizo lao hushuka. Hao hufaidika kwa kukaza misuli ya miguu, mikono na tumbo kwa sekunde 10 hadi 15, kuilegeza kidogo, na kurudia mara kadhaa wakati wa kutolewa damu.

Shambulio linapokushika

Baki ulipo. Kama unaendesha gari au pikipiki, simama pembeni mwa barabara na uzime injini; vinginevyo usikimbilie mlangoni wala usishuke kwenye basi. Sababu yake itaeleweka zaidi mbele, lakini kwa ufupi, ukikimbia mwili hujifunza kwamba umeokoka kwa sababu ulikimbia.

Kisha litaje kwa jina lake, kwa sauti ya chini au moyoni: "Hili ni shambulio la hofu. Nimepimwa. Litapanda na litashuka." Maneno yawe yako na yawe machache, nawe uyaandike mapema kwenye kikaratasi au kwenye simu, kwa sababu katika kilele akili haitungi sentensi.

Halafu punguza pumzi. Ushauri unaotolewa kila mahali wa "vuta pumzi ndefu" ndio usioufaa wakati huu, kwa vile anayeuambiwa hupiga funda kubwa la hewa na kuzidisha tatizo nililolieleza hapo juu. Anza kwa kutoa. Toa hewa taratibu kupitia midomo iliyobanwa kidogo, kisha vuta kwa pua ukihesabu hadi 4, bila kujaza kifua, na utoe tena ukihesabu hadi 6. Weka kiganja juu ya kitovu. Kiganja hicho ndicho kinachotakiwa kuinuka, mabega yatulie. Kwa mwendo huo utapata pumzi 6 hivi kwa dakika, na dakika 5 zinatosha. Pumzi ya kutoka inapokuwa ndefu kuliko ya kuingia, neva ya vagasi, inayoteremka kutoka kwenye ubongo hadi kifuani na tumboni, huuamuru moyo upunguze kasi. Kuhesabu kukikushinda, tumia maneno unayoyajua kwa moyo. Utafiti wa Luciano Bernardi na wenzake, uliochapishwa mwaka 2001, uliwapima watu waliokuwa wakisali rozari kwa Kilatini na kukuta pumzi zao zimeshuka hadi karibu 6 kwa dakika. Mwenye tasbihi mkononi, anayeuvuta uradi wake polepole na kuumaliza kila mmoja kwa pumzi moja ya kutoka, anaweza kuufikia mwendo huo huo. Usipumulie ndani ya mfuko wa karatasi. Desturi hiyo ni ya zamani, na kama tatizo ni pumu au moyo inaweza kuleta madhara makubwa.

Pumzi ikishatulia kidogo, ipeleke akili nje ya mwili. Tazama vitu 5 na uvitaje, gusa vitu 4, sikiliza sauti 3, nusa harufu 2, onja kitu 1. Sokoni kazi hii ni rahisi mno. Ukiwa kwenye chumba kitupu, maji baridi usoni hufanya kazi nzuri zaidi, ila mwenye ugonjwa wa moyo amwulize daktari wake kwanza.

Hatua ya mwisho ndiyo ngumu, nayo ni kuliacha shambulio lipite bila kupigana nalo. Daktari Claire Weekes wa Australia, aliyewatibu watu wa aina hii kwa miaka mingi katika karne iliyopita, aliwaelekeza wagonjwa wake waikabili hofu, waikubali, waelee juu yake, na waupe muda nafasi. Anayesema "lazima iishe sasa hivi" amejipa kazi ya pili juu ya ile ya kwanza. Mbinu za pumzi nazo zikigeuzwa kuwa silaha ya kuifukuza hofu hupoteza nguvu, kwa kuwa kila dakika unajipima kama imekwisha. Hofu ikianza kushuka, rudi kwenye ulichokuwa ukifanya: maliza foleni, maliza sala, fika kituo chako.

Ukiwa wewe ndiye uliye karibu naye

Mtu akishikwa na hofu mbele za watu, kwa kawaida huzungukwa, humwagiwa maji, na kila mmoja humwamuru atulie. Waombe watu wasogee. Keti karibu naye, kwa kimo chake, na useme naye kwa sauti ya kawaida: "Dada, niko hapa, sitaondoka. Tutoe pumzi pamoja." Wewe pumua polepole kwa namna anayoweza kuiona, ataifuata bila kujua. Muulize kabla ya kumshika. Akiwa ni mzazi wako au mtu mzima unayemheshimu, usimtolee amri mbele za watu, mwombe: "Mama, naomba tukae hapa kidogo." Usimwambie kwamba hana kitu. Kama dalili za hatari zilizotajwa mwanzoni zipo, au hali haijashuka baada ya nusu saa, mpeleke hospitali.

Katika familia nyingi hali hii huelezwa kuwa ni jini au mkono wa mtu. Sina haja ya kubishana na imani ya mtu, na dua au kisomo kinachompa mgonjwa faraja kina nafasi yake. Kinachokataliwa ni kumnyima chakula, kumfunga, kumchapa, au kumwachisha dawa alizoandikiwa.

Kurudi ulikokukimbia

Sehemu hii ndiyo inayoleta nafuu ya kudumu, na ndiyo inayorukwa mara nyingi. Aliyeshikwa na hofu kwenye kivuko huacha kivuko, kisha mabasi, kisha harusi na mazishi, hadi nyumba inakuwa ndiyo mipaka yake. Kila alipokwepa alipata nafuu ya papo hapo, na nafuu hiyo ndiyo iliyomfundisha kukwepa tena. Dawa yake ni kurudi kwa ngazi zilizopangwa.

Chukua mfano wa mkazi wa Likoni anayefanya kazi kisiwani Mombasa na ambaye hawezi tena kupanda feri. Aandike hali zote zinazohusu feri na kuipa kila moja alama ya hofu kuanzia 0 hadi 100. Kusimama barabarani juu na kuitazama feri ikipakia huenda kukawa 30. Kuteremka na umati hadi ufukweni kisha kurudi, 45. Kuvuka saa nne asubuhi, watu wakiwa wachache, akiwa na ndugu yake, 60. Kuvuka saa hiyo hiyo peke yake, 75. Kuvuka jioni watu wakiwa wamebanana, akiwa amesimama katikati mbali na ukingo, 95. Aanze na ya 30. Abaki pale mpaka alama ishuke kufikia nusu, hata ikichukua dakika 40, na kesho yake arudie, na keshokutwa. Ngazi inayofuata aipande pale iliyotangulia inapokuwa nyepesi kiasi cha kumchosha. Likoni ina faida mbili kwa zoezi hili: mtembea kwa miguu halipi nauli, kwa hiyo anaweza kuvuka mara nyingi kwa siku moja, na feri ikishang'oa hakuna mlango wa kukimbilia.

Mazoezi ya mara nyingi kwa juma hufaa kuliko safari moja ya kishujaa kila mwezi. Angalia pia hirizi ndogo ndogo ambazo mtu hubeba bila kuziita hivyo: chupa ya maji isiyomtoka mkononi, kidonge kilichofichwa mfukoni, simu iliyokwisha andaliwa namba ya kaka, kiti cha karibu na mlango. Mwanzoni zinaruhusiwa. Mwishoni sharti ziachwe, moja baada ya nyingine, la sivyo akili itaendelea kuamini kwamba chupa ndiyo iliyokuokoa.

Ambaye anachokiogopa hasa ni dalili zenyewe za mwili anaweza kuziita kwa makusudi nyumbani: kukimbia palepale kwa dakika 1 ili moyo uende mbio, kuzunguka ili apate kizunguzungu, kupumua kupitia mrija mwembamba huku amebana pua. Akirudia siku nyingi, mapigo ya haraka hurudi kuwa mapigo ya haraka tu. Wenye pumu, kifafa, ugonjwa wa moyo, na wajawazito wasijaribu bila ruhusa ya daktari.

Wasiwasi usio na kilele

Wasiwasi wa kila siku ni kitu kingine, kwa kuwa hauna dakika 10 zake. Unazunguka kichwani kuhusu ada ya shule, kodi ya nyumba, matokeo ya vipimo. Kumwambia mtu asiwaze ni kazi bure. Thomas Borkovec wa Marekani na wenzake walijaribu katika miaka ya 1980 njia iliyo kinyume: kutenga nusu saa moja, saa ile ile na mahali pale pale, kwa ajili ya kuwaza tu. Wazo likija saa tatu asubuhi unaliandika na kuliahirisha hadi saa kumi na moja jioni. Isiwe kitandani, wala karibu na saa ya kulala. Muda ukifika, yasome uliyoyaandika. Mengi yatakuwa yameshapoa, na yaliyobaki utayagawa kati ya yale yenye hatua unayoweza kuchukua na yale yasiyo nayo.

Kwa yale yenye hatua, fuata mtindo wa mabibi wa Zimbabwe. Mwaka 2006 daktari wa akili Dixon Chibanda alianza kazi na wahudumu wa afya wa kijamii katika mtaa wa Mbare, Harare, wengi wao wakiwa wanawake wa umri wa bibi, ambao huketi na mgonjwa kwenye benchi nje ya zahanati. Matokeo ya utafiti uliochapishwa mwaka 2016 yalionyesha nafuu kubwa kwa waliopata huduma hiyo. Bibi humsikiliza mtu aeleze matatizo yake yote, kisha humtaka achague moja tu, wakaorodhesha pamoja njia za kulitatua, wakachagua njia moja, na mtu akaondoka na jambo dogo la kufanya kabla hawajaonana tena. Unaweza kulifanya hilo na shangazi au rafiki mwenye subira.

Mwili uliokazana humaliza siku ukiwa na maumivu ya shingo na kichwa. Njia ya daktari Edmund Jacobson wa Marekani, ya takriban miaka 100 iliyopita, bado inafaa: kaza kundi moja la misuli kwa sekunde 5, liachie kwa sekunde 15 hadi 20 huku ukiangalia tofauti, ukianzia vidole vya miguu na kupanda hadi usoni. Kutembea kwa kasi nusu saa, siku 5 kwa juma, kunafikia kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani hukipendekeza kwa watu wazima, na huzoesha moyo kwenda mbio bila tishio.

Angalia unachokunywa na unachotafuna. Nusu ya kafeini hubaki mwilini saa 5 hivi baada ya kuinywa, kwa hiyo kahawa ya saa kumi na moja jioni bado inafanya kazi saa nne usiku. Vinywaji vya kuongeza nguvu navyo vimo. Punguza kidogo kidogo, maana kuacha ghafla huleta maumivu ya kichwa. Miraa, mirungi na muguka zina vichangamshi vinavyoukimbiza moyo na kufukuza usingizi, na kwa mtu mwenye mashambulio ya hofu sioni kiasi ambacho ningekiita salama. Pombe hutuliza usiku na kulipiza asubuhi. Kutafuta dalili zako mtandaoni saa saba usiku pia ni kilevi, na pengine ndicho kigumu kuliko vyote kuacha.

Inapofika kuhitaji mtaalamu

Tafuta msaada kama mashambulio yanarudi kwa zaidi ya mwezi, kama umeacha kazi, masomo au ibada kwa sababu yake, kama unahitaji pombe ili utoke nyumbani, au kama wasiwasi umefuatana na huzuni isiyoondoka. Ukiwa na mawazo ya kujiua, nenda leo, na usikae peke yako. Nchini Kenya unaweza pia kupiga 1199, namba ya bure ya Shirika la Msalaba Mwekundu. Zahanati au kituo cha afya kinaweza kukupa rufaa. Huduma za afya ya akili zipo Muhimbili jijini Dar es Salaam, Mirembe jijini Dodoma, Kidongo Chekundu huko Unguja, Mathari jijini Nairobi na Butabika jijini Kampala, pamoja na hospitali nyingi za mikoa na kaunti.

Tiba ya mazungumzo inayolenga fikra na tabia ndiyo yenye ushahidi mwingi, na kwa kiasi kikubwa ni hatua hizi hizi zikisimamiwa na mtu aliyefunzwa. Daktari akiona dawa inahitajika, huenda akaandika fluoxetine au sertraline, ambazo huchukua majuma kadhaa kabla ya kuonyesha nafuu na ambazo siku za mwanzo zinaweza kuuzidisha wasiwasi kidogo. Wengi huziacha siku hizo hizo wakidhani hazifai. Diazepam hutuliza haraka, lakini ikitumiwa kwa majuma mengi mwili huizoea na kuidai, kwa hiyo usiinunue dukani kwa ushauri wa jirani. Propranolol, dawa ya kupunguza kasi ya moyo, isitumiwe kabisa na mwenye pumu. Na ukishapona, usikatishe ghafla dawa yoyote kati ya hizi; rudi kwa aliyekuandikia, akupangie jinsi ya kuipunguza.